Masale ya Ukingo wa Juu

Mbokomu, 9 Juni 2024

Mwanangu Ebenezeri,

Marahaba. Najua shikamoo umeshaitoa ulipoona mwandiko wangu, basi naipokea kabisa tusipoteze karatasi. Mimi mzima. Ni goti tu, na goti siku hizi sisemi ni ugonjwa, ni mwenzangu.

Ndizi nilizompa kondakta ni mshare, mikungu miwili, nimeikata mwenyewe pale nyuma ya banda. Mwambie Loveness apake mafuta mikononi kabla ya kumenya. Utomvu wa ndizi za mlimani hauna adabu, utamtia weusi vidoleni mpaka ndugu zake waseme Wachagga tumempaka masizi. Na mtori usiharakishwe, nyama iive kwanza peke yake.

Uliuliza mvua. Mvua ilinyesha, sibishi, hata redio ilisema masika haya yalikuwa makubwa. Lakini kwetu ni salama. Nyumba ipo. Kaburi la baba yako lipo, nimelipalilia. Na ule uwanja uliotutandikia vitofali Krismasi unang'aa, watu wakienda kanisani wanasimama kuutazama. Mzee Elisaria jirani anasema, "Mama Ebe, siku hizi mtu akija kwako anaogopa kutema mate."

Simu usinipigie mara kwa mara. Inazima ovyo, halafu nikiongea na simu nasahau yote, nabaki ndiyo, ndiyo, kama mshitakiwa. Barua naandika leo kidogo, kesho kidogo, nikikumbuka naongeza. Darasa la nne langu lilinifikisha hapo na mimi sitaki kuliacha liote kutu.

Kula vizuri. Usitandike vitofali vya watu juani bila kofia.

Mama yako,
Yuditha


Masasi, 23 Juni 2024

Mama,

Shikamoo tena, maana hiyo ya kwanza umeinyakua.

Ndizi zimefika. Lakini mama, tangu lini unafunga boksi kwa kamba ya manila? Mimi nimezoea kufungua ile kamba ya mgomba, nikiinusa tu nakuwa nimefika nyumbani. Na ndizi zenyewe zimekuwa ngumu, zimechemka mpaka mkaa umeisha na bado zinatutazama. Loveness akaniuliza, "Hizi ndizo ulizokuwa unazililia?"

Sasa sikiliza. Daktari anasema Loveness atajifungua mwanzoni mwa Septemba. Nimeamua, naye amekubali, aje akae uzazi kwako. Nataka umlee kama bibi alivyokulea wewe uliponizaa mimi: mtori asubuhi, mlaso wa damu ya ng'ombe, maziwa, miezi mitatu asishike hata ufagio. Nimemsimulia mpaka amechoka, anasema Wachagga tunajisifu hata kwa kitanda. Mimi ndiye kitinda mimba wako, nyumba hiyo ndiyo yangu, na mtoto wangu aanzie hapo. Nitamleta Agosti.

Ule ukuta nilioujenga ukingo wa juu umekaaje? Nilipong'oa yale masale ya babu ya mpakani niliacha mizizi, najua hayafi, yatachipua chini ya tofali. Uwe unayang'oa yasije yakaupasua. Na ule mfongo nilioufukia, wazee hawajalalamika? Wakilalamika waambie siku hizi maji ni ya bomba, hatuhitaji mfereji wa kupita juu ya nyumba za watu.

Mwanao,
Ebenezeri


Mbokomu, 7 Julai 2024

Mwanangu Ebe,

Nimefurahi mpaka nimekaa chini. Mjukuu. Baba yako angekuwa hai angekuwa ameshaanza kutafuta mbuzi.

Lakini Agosti, mwanangu, tuifikirie vizuri. Huku sasa ni baridi na ukungu, jua hatulioni, na Loveness ni mtu wa joto, mapafu yake hayajazoea. Halafu nyumba naipaka rangi, harufu yake si nzuri kwa mtoto mchanga. Halafu ng'ombe wetu Sifa amekuwa mkali, anapiga teke. Halafu hili goti. Mzazi anataka mtu wa kuinuka inuka.

Nimewaza, si heri akae kwa mama yake mzazi? Mtoto wa kwanza msichana anamtaka mama yake. Mimi nitatuma ndizi, nitatuma na samli. Krismasi tutaonana kama Mungu akipenda.

Manila nilipewa tu dukani, nikasema niitumie isije ikaoza bure.

Ukuta umekaa. Masale nayang'oa kama ulivyosema. Wazee hawajasema kitu.

Mama yako anayekupenda,
Yuditha


Masasi, 15 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Manila haiozi.

Juzi nilipiga simu ukapokea, na kabla hujasema haloo nikasikia adhana, karibu kabisa, na lori likipiga honi. Ukaniambia uko sokoni Kiborloni. Jua lilikuwa limeshazama, mama. Wewe jua likizama huwa umeshafunga kuku.

Sitaki kukuhoji kama polisi. Lakini baridi, rangi, ng'ombe, goti, sababu zote zimekuja siku moja kama wageni wa msibani. Rangi ilikuwepo nilipozaliwa? Baridi ilikuwepo?

Loveness ameisoma barua yako. Akaikunja, akaenda kufua. Jioni akaniuliza, "Kama ningekuwa Mchagga, ng'ombe angepiga teke?" Nilimjibu mama yangu si mtu wa namna hiyo. Sasa naomba na wewe uniambie hivyo, kwa mwandiko wako, nimwonyeshe.

Ebenezeri


Masasi, 20 Julai 2024

Mama mkwe,

Shikamoo. Ni Loveness. Ebenezeri hajui kama nakuandikia, yuko kazini anatandika uwanja wa mtu wa korosho.

Mimi sina maneno mengi. Mimi ni Mmakua wa Masasi, na najua huko kwenu mnasema watu wa kusini wavivu. Sikuomba kuja. Yeye ndiye alinijaza kichwa: mama yangu atakulaza, mama yangu atakuchemshia, hutashika ufagio. Nikamwambia hakuna mwanamke duniani anayekaa miezi mitatu bila kushika ufagio, unanidanganya. Akaapa. Basi mwisho na mimi nikaanza kuutamani huo uongo. Nikaacha hata kutafuta mtu wa kunisaidia huku.

Umesema niende kwa mama yangu mzazi. Mama yangu alifariki nikiwa mtoto wa shule. Yule uliyekaa naye kwenye harusi yetu, mkagawana kitenge cha kujifunika mvua, ni shangazi yangu, na sasa yuko Newala anauguza mumewe. Sikulaumu kwa kutojua. Nakulaumu kwa ng'ombe.

Kama hunitaki sema hunitaki. Mstari mmoja unatosha, sitalia na wala sitamwonyesha mwanao. Nitajifungua hapa, nitajifagilia mwenyewe.

Loveness


Moshi mjini, 28 Julai 2024

Loveness mwanangu,

Tazama hapo juu nilipoandika mahali. Hiyo ni mara ya kwanza naandika kweli tangu Aprili.

Sipo Mbokomu. Nipo mjini, kwenye chumba cha uani kwa Mama Rishi. Jina lake Nirmala, Mhindi mjane, nimempelekea maziwa kila asubuhi tangu Ebe yuko mgongoni. Nyumba ni ya mkwe wake, ya zamani, ya mawe, bati limegeuka jekundu. Msikiti uko mtaa wa pili, ndiyo hiyo adhana. Ndizi nanunua Kiborloni, sijui hata zimetoka shamba la nani, ndiyo maana hazikuiva. Na manila nanunua kwa sababu mgomba wa kukatia kamba sina.

Sina mgomba, mwanangu. Sina banda. Sifa alikufa. Nyumba haipo.

Nikueleze uelewe, maana hujawahi kufika kwetu. Kihamba chetu, shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, kimekaa kwenye mteremko. Juu kabisa kulikuwa na mfongo, mfereji waliouchimba mababu, unapitisha maji kutoka kijitoni unawapelekea watu wa mbele. Kwenye ukingo wake kulikuwa na masale, yale majani marefu ya mpakani, yamepandwa yamebanana kama watu kanisani siku ya Pasaka. Mizizi yake ndiyo iliyoshika udongo. Krismasi Ebe akaja na mifuko ya saruji. Unajua vijana wetu wanavyokuja, wote, kila nyumba, mwaka mzima kimya halafu Desemba mlima mzima unakoroga zege. Alitaka kunifurahisha. Nilikuwa nalalamika matope yananiharibia viatu, ni mimi nililalamika. Akafukia mfongo pale unapopita kwetu, akang'oa masale, akajenga ukuta wa tofali, akatandika uwanja wote mpaka mlangoni. Siku aliyomaliza alivua viatu akatembea pekupeku aone kama kuna kijiwe kitamchoma. Hakikuwepo. Alicheka kama mtoto.

Masika maji yakaja na mfongo wao kama kawaida yao, yakakuta pamefukiwa. Yakajaa nyuma ya ukuta. Mimi nilikuwa huku mjini na kibuyu cha maziwa. Mama Rishi akaniambia, "Ngoja mvua ikatike, kunywa chai." Nikangoja. Niliporudi ukuta ulikuwa umeilalia nyumba, na udongo umeulalia ukuta, na vyote vimeshuka mpaka kwenye korongo vikapita na migomba. Kaburi la mume wangu Daniel lilikuwa chini ya ile migomba. Vijana wa kanisa walitafuta. Walipata msalaba mtoni. Mwenyewe hawakumpata. Mchungaji aliomba pale pale kando ya maji, tukarudi.

Sasa niambie wewe, ningeandikaje hayo? Ebe anakula kwa kutandika vitofali. Kila kimoja atakachokishika maisha yake yote atamwona baba yake anachukuliwa na maji. Nikasema bora aone mama ni mwongo. Mwongo anasamehewa. Nikasema Krismasi bado mbali, Mungu atafungua njia. Sikujua kama njia yenyewe itapita juu yako.

Nakutaka. Nimekutaka tangu uliponiazima nusu ya kile kitenge, maana nilikuona ulivyomnong'oneza shangazi yako anifunike na mimi. Nilidhani ni mama yako. Nisamehe kwa hilo, na pole.

Ukiweza kuja, njoo. Ni chumba kimoja. Kitanda utalala wewe. Mtori nitakupikia, na ufagio nitauficha. Ila Ebe usimwambie. Nakuomba kama mtu anayepiga magoti, na goti lenyewe unajua lilivyo.

Mama yako,
Yuditha


Masasi, 6 Agosti 2024

Mama,

Nimesoma nikiwa nimekaa kando ya ndoo ya kufulia, sikuinuka mpaka maji yakapoa.

Nimemwambia Ebenezeri umekubali, ng'ombe ameuzwa na rangi imekauka. Alinikumbatia mpaka mtoto akapiga teke, huyo ndiye mwenye teke kweli. Anataka kunileta mwenyewe. Nimemwambia amalize kazi ya watu kwanza, aje kunichukua. Ataniweka kwenye basi la Dar, pale nitalala kwa rafiki yangu, halafu nije Moshi. Nisubiri stendi. Nitavaa kile kitenge.

Sipendi kumficha. Nakuambia mapema ili usije ukashangaa. Mimi nikificha kitu nawashwa. Lakini nimemwangalia usiku akinieleza tena habari ya uwanja, jinsi maji yanavyoteleza juu yake yasituame, nikaona siwezi.

Loveness


Masasi, 14 Septemba 2024

Mama, na Loveness wangu, na Daniel,

Shikamoo mama. Nimeandika jina hilo la tatu nikalitazama sana. Daniel. Naona kama mzee ameitwa akaitika.

Nilivyopata simu nilimwambia kila mtu, hata wale wasiouliza. Tajiri wa korosho ameniongezea kazi ya uwanja wa nyuma, nikimaliza nakuja. Mama, nakuomba kitu kimoja. Akishapata nguvu Loveness, mpeleke mtoto kwenye kaburi la babu yake. Mweke chini kidogo tu, juu ya lile zege, umwambie mzee mwenyewe kwa Kichagga. Halafu mnipigie picha. Na nyingine mkiwa uwanjani, niwaonyeshe hawa watu kwetu kulivyo. Picha zote Loveness anazonitumia ni uso wa mtoto tu, uso na kanga, kama kitambulisho.

Loveness, umeshika ufagio?

Ebenezeri


Mbokomu, 29 Septemba 2024

Mwanangu Ebe,

Hajashika. Ameutafuta kwa kuiba, nimeuweka juu ya kabati la Mama Rishi. Samahani, nimeandika Mama Rishi, nilitaka kuandika juu ya kabati tu. Mama Rishi ni yule wa maziwa, alikuja kumwona mtoto akaleta nguo.

Mtoto ananyonya mpaka anatoa jasho. Ana masikio ya baba yako, yale ya kusikiliza mambo ya watu. Loveness anakula mtori sasa bila kuambiwa, anasema ulikuwa huongopi.

Kuhusu kaburi, tumempeleka. Nilimwambia mzee, huyu hapa, ni wako, umtunze. Alilala vizuri. Picha hatukupiga, simu ilikuwa haina chaji.

Njoo taratibu. Usikimbilie. Kazi ya watu ikamilike.

Mama

(Ebe, ni Loveness. Ufagio sijashika kweli. Mama amesema mengine. Mimi nasema tu mtoto mzima na nina hamu na wewe, hayo mawili ni ya kweli kabisa.)


Moshi mjini, 21 Oktoba 2024

Ebenezeri mwanangu,

Mzee Elisaria ameshuka leo amekuja mpaka hapa kwa Mama Rishi, na boksi la korosho kichwani. Amesema ni lako. Amesema ulikuja jana.

Kumbe ulitaka kutushtua. Ulipanda moja kwa moja kihambani na begi lako.

Ameniambia yote. Ulisimama pale vitofali vinapokwisha, maana vichache bado vipo, vizuri kabisa, vimeishia kwenye hewa. Ulimuuliza, "Mama yuko wapi?" Akakwambia mzima, yuko mjini, na mkeo na mtoto. Ukamuuliza maji yalipita wapi, akakuonyesha kwa fimbo. Amesema hakuongeza neno, "Mtu wa kujenga haelezwi maji." Amesema ulikwenda mpaka pale ukuta ulipoanzia ukainama, ukawa unachimba kwa mikono, akadhani unatafuta kaburi, akaona aibu kutazama akaingia ndani. Alipotoka hukuwepo. Boksi uliliacha mlangoni kwake.

Tukasema utakuja hapa. Loveness alivaa. Nilichemsha mtori, tukauacha jikoni umefunikwa. Kila mlango ukigongwa Mama Rishi alikuwa wa kwanza kufungua, na sari yake na miaka yake. Hukuja.

Ebe, nilikuandikia uongo. Kaburi sikulipalilia. Mtoto sikumlaza kwa babu yake, sina pa kumlaza. Nilimpeleka mtoni pale msalaba ulipopatikana, nikasema yale maneno. Hayo ndiyo niliyokuandikia kwa namna nyingine.

Na usichukue mzigo wote peke yako. Juu yetu kuna nyumba ngapi zimetandikwa? Maji yao yote yaliteremka kwetu. Hata hapa mjini, jirani wa Mama Rishi amejenga ghorofa na uwanja wa zege mpaka ukutani, amekalia mtaro wa zamani, sasa kila mvua ua wetu unakuwa bwawa. Tunayachota kwa ndoo, vibibi wawili. Juzi Mama Rishi akaniambia, "Mama Ebe, uliyakimbia juu, yamekufuata chini." Mtoto wake Rishi yuko Kanada, kila siku anamwambia auze nyumba. Anamjibu, "Niuze nikakae wapi, ndani ya simu?"

Nakuandikia hayo ucheke. Umecheka?

Niandikie. Hata tusi.

Mama yako


Moshi mjini, 17 Novemba 2024

Ebenezeri,

Simu umezima na barua hujibu. Fundi mwenzako nimempigia, amesema uko kazini, unakula, husemi na mtu.

Nilimwambia mama yako mimi nikificha kitu nawashwa. Hukujua. Sasa jua: nilijua tangu mwanzo wa Agosti. Nimelala kitanda kimoja na siri hii na mtoto wako katikati. Kama unatafuta wa kumkasirikia nipo, nina nguvu, nimekula mtori wa kutosha.

Lakini mama yako mwache. Kila basi la kutoka Dar likiingia anataka kwenda stendi. Anasema labda kuna kifurushi. Hakuna kifurushi. Anarudi anasema, "Leo mvua, mabasi yamechelewa." Hata siku ya jua.

Daniel ameanza kucheka. Ni hilo tu.

Loveness


Moshi mjini, 8 Desemba 2024

Mwanangu Ebenezeri,

Kifurushi nimekipata. Kondakta alikuwa anakitupa huku na huku, kimefungwa kwenye gazeti na mfuko wa saruji, akauliza, "Bibi, hii fimbo ni ya nini?" Nikamwambia ni yangu.

Nilianza kukifungua pale pale stendi, nikaacha. Nilijua kwa kunusa. Nimekuja kukifungulia chumbani.

Isale. Jani moja la masale, limekauka, limekuwa kama ganda la hindi, lakini fundo ulilolifunga halijafunguka. Na barua hakuna. Sawa. Isale haliandikiwi barua.

Kwa desturi anayepeleka isale ni mtu mzima wa ukoo, anavua kofia, anaanza mbali, anazunguka na maneno. Wewe umempa kondakta. Baba yako angeguna. Lakini nani mwingine ungemtuma, mwanangu, na ukoo wenyewe wa kuombwa ni mimi?

Loveness hakuelewa. Akaniuliza ni dawa? Nikamwambia, kwetu mtu akikosa mpaka mdomo ukashindwa, analeta jani hili limefungwa fundo, na anayeletewa hawezi kukataa, hata kama ameuawa ndugu yake. Halafu akachukua mtoto akamgusisha mkono wake kwenye fundo, na yeye akaligusa. Nadhani amejibu.

Na mimi nimelipokea. Halikataliwi, lakini hata lingekataliwa ningelipokea.

Nimelitazama shina lake chini. Lina udongo mwekundu umegandia, na chokaa kidogo ya tofali. Ndipo nilipojua ulikuwa unachimba nini siku ile. Yale niliyokuandikia nayang'oa, Ebe, sikuwahi kuyang'oa hata moja. Yalikuwa yanachungulia chini ya ukuta tangu Februari, nikawa nayaonea huruma. Nilikuwa nayapitia na maji ya kuoshea vyombo. Kumbe yalibaki, na ulilibeba mpaka Masasi, ukakaa nalo wiki zote hizo.

Nimelikata lile shina nikalichomeka kwenye kopo la samli, nimeliweka uani karibu na mrehani wa Mama Rishi, ule anaousalia asubuhi. Akaja kutazama akauliza, "Huu wako ni wa nini?" Nikamwambia ni wa kuombana msamaha. Akasema, "Nani kamkosea nani?" Nikafikiri, nikashindwa kumpangia. Akaumwagilia na wake na wangu kwa kopo lile lile.

Baba yako hatutampata. Nilitaka nikuandikie maneno mazuri hapa, sina. Nimekaa na kalamu mpaka mtoto ameamka. Krismasi hii watu wote watapanda mlimani, taa zitawaka kila kihamba, na kwetu patakuwa giza. Mzee Elisaria amesema tutalala kwake wote wanne. Amesema hata sakafuni, sakafu yake ni ya udongo, haitakuumiza macho.

Mfongo wazee wameshaufukua juu na chini, umebaki kipande chetu. Wamesema hawawezi kuugusa mpaka mwenye kihamba awepo. Ni wewe.

Shina limetoa kijani kidogo pembeni, kama ulimi wa mjusi. Mimi goti halinipandishi tena ule mteremko, itabidi ulipeleke mwenyewe ukingoni, na Loveness akuonyeshe mtoto njiani. Njoo na jembe. Saruji iache huko huko.

Mama yako,
Yuditha